MAJI MAANGAVU SI MAJI SAFI

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiomba makala ya jarida la mwaka huu, nilikuwa nimepanga kuandika juu ya ngeli. Nimebadilisha nia kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwetu Kibera muhula wa kwanza. Jambo hilo lilinifanya nisome kitabu cha Kemia kwa bidii kuliko mtihani wowote ule.

Mama yangu huuza maji. Tuna tangi moja jeusi, mfereji mmoja na dirisha dogo la mabati, huko Lindi. Mtungi wa lita 20 tunauza shilingi 5 maji yakiwa tele. Yakipotea, bei hupanda. Pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni, daftari na hata viatu nilivyovaa, zote zimetoka katika mfereji huo.

Basi jioni moja jirani yetu alikuja kwenye dirisha akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameharisha siku tatu mfululizo. Jirani akasema kwa upole, "Mama, mimi sikuja kugombana. Lakini haya maji yako, uko na hakika nayo?"

Mama hakusema neno. Alijaza gilasi, akaiinua kwenye mwanga wa taa. "Si unaona mwenyewe? Yanang'aa kama kioo." Kisha akayanywa yote mbele yetu. Jirani akanyamaza akaenda zake. Lakini kesho yake hakuja kununua maji, na kesho kutwa wateja wengine wawili nao hawakuja. Usiku nikamwuliza mama, "Na kama yule dada ana haki?"

"Wewe unataka tulale njaa?"

"La, mama. Nataka kujua tu."

"Haya, utajuaje na maji hayana rangi wala harufu?"

Ndugu msomaji, swali hilo la mama ndilo makala haya. Utajuaje?

MAJI YETU YANATOKA WAPI?

Maji mengi ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililomalizika kujengwa mwaka wa 1994. Mengine hutoka Sasumua, bwawa la Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Maji ya mabwawa hayo husafishwa, hutiwa dawa ya klorini ili kuua viini, kisha husafiri kwa mabomba makubwa hadi jijini. Kufikia hapo hatuna ugomvi nayo. Taabu huanza yanapoingia mitaani kwetu.

Aliyefika Kibera ameona mabomba madogo ya plastiki yaliyofungamana kama tambi. Yanapita juu ya ardhi, chini ya madaraja ya mbao, na mengi hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye tundu humwaga maji nje. Lakini maji ya Nairobi ni ya zamu. Siku ambayo si zamu yenu, bomba huwa tupu, na maji yaliyobaki yakiteremka kwenda bondeni huvuta nyuma kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Hapo lile tundu halitoi tena, linaingiza. Na kinachoingia ni kile kilichomo mtaroni. Zamu ikirudi, uchafu huo hupelekwa moja kwa moja hadi kwenye tangi.

Kwa sababu hiyo shirika la SHOFCO lilipitisha mabomba juu ya nguzo huko Kibera, yakaning'inia hewani kama nyaya za stima. Aliyefikiria hivyo aliutambua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa.

NA KAWANGWARE JE?

Shangazi yangu anakaa Kawangware, upande wa Gatina. Likizo ya Aprili nilikaa kwake juma moja. Kule watu wengi hununua maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Maji hayo hayapiti mtaroni, hutoka chini kabisa ya ardhi. Nikamwambia shangazi, "Nyinyi mmebahatika." Akacheka akamwita binamu yangu mdogo. "Hebu mwonyeshe meno yako."

Meno yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia. Anayasugua asubuhi na jioni, lakini madoa hayatoki, kwa maana hayako juu ya jino, yamo ndani yake. Mwalimu wetu wa Kemia alinieleza kwamba madoa ya namna hiyo huletwa na floridi. Ardhi ya Nairobi imelala juu ya mawe ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya mawe hayo miaka mingi huchota floridi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja. Visima vingi vya Nairobi hupita kiasi hicho. Floridi kidogo hulinda meno, ikizidi huyatia madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa.

Visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono vina balaa lao. Choo cha shimo kikiwa karibu, mkojo na kinyesi huoza, vikageuka kuwa naitreti inayopenya udongoni hadi kisimani. Mpaka uliowekwa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo hushindwa kubeba oksijeni vizuri, naye hugeuka rangi.

Hebu sasa weka gilasi mbili mezani: moja ya Kibera yenye viini na moja ya Kawangware yenye floridi. Zote zinang'aa. Zote hazina harufu. Macho yetu hayafai kitu hapa. Hata mjini London mwaka wa 1854 daktari John Snow alipoonyesha kwamba kipindupindu kilikuwa kinatoka katika pampu moja ya mtaa wa Broad Street, wengi walikataa kuamini, na maji ya pampu ile yalikuwa yamesifiwa kwa utamu na uangavu wake.

KIPANDE KINACHOONJA MAJI

Njia ya kawaida ya kupima maji ni kuyatia katika chupa safi, kuyapeleka maabara na kungoja siku kadhaa. Maabara yana mashine kubwa zenye bei kubwa, na mwuza maji wa Lindi hawezi kwenda huko kila juma. Kwa hivyo wanasayansi wametafuta njia ya kuipeleka maabara kwa maji badala ya kuyapeleka maji maabara. Njia mojawapo ni kipande kidogo cha plastiki au karatasi, chembamba kama kipande cha kadi ya simu, chenye mistari mitatu ya wino. Kinaitwa kihisi cha umeme na kemia. Nitakieleza polepole, usinikimbie.

Wengi wenu mmekwisha kukiona ndugu yake bila kujua. Nyanya yangu ana ugonjwa wa kisukari. Hujidunga kidole, huweka tone la damu kwenye kijikaratasi, na mashine ndogo humwandikia namba. Kijikaratasi kile ni kihisi cha aina hii hii. Wazo lake lilianza mwaka wa 1962, Mmarekani Leland Clark alipounganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima sukari. Mwaka wa 1987 vipande vya kuchapwa vilikuwa vimeanza kuuzwa pamoja na mashine ndogo kama kalamu. Leo vinatengenezwa kwa mamilioni, ndiyo sababu nyanya anaweza kuvitupa baada ya kutumia mara moja.

Vinachapwaje? Nenda kwa kijana yeyote anayechapa fulana za kampeni au za timu za mpira. Ana fremu ya mbao yenye wavu mwembamba. Sehemu nyingine za wavu zimezibwa, na nyingine zimeachwa wazi kwa umbo la maandishi. Anaweka fulana chini, anamwaga wino juu ya wavu, anauvuta kwa ubao wa mpira, kisha anainua fremu. Maandishi yamebaki kwenye fulana. Kihisi huchapwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wino wake una unga wa kaboni, jamaa wa ule ulio ndani ya penseli yako, au una unga wa fedha. Nao hupitisha umeme. Fremu moja inaweza kuchapa vipande vingi kwa mvuto mmoja. Hapo ndipo urahisi wa bei unapotoka.

Ile mistari mitatu ina kazi tatu. Wa kwanza ni elektrodi ya kazi; hapo ndipo mambo yote hutokea. Wa pili, wenye fedha na kloridi ya fedha, ni elektrodi ya kulinganishia. Huo haubadiliki ovyo, ni kama kipimo cha rula ambacho wengine wote hupimwa kwacho. Wa tatu huufungua mlango ili mkondo wa umeme uzunguke. Unaweka tone la maji juu ya mistari yote mitatu, unachomeka kipande katika mashine, na mashine hutoa voliti na kuhesabu umeme unaopita.

MATATU YA MADINI

Sasa mtu atauliza: umeme utajuaje hii ni risasi na ile ni shaba? Mimi pia niliuliza. Jibu nililielewa nikiwa ndani ya matatu namba 46.

Fikiria elektrodi ya kazi kuwa ni matatu iliyosimama mjini. Makanga anaita abiria. Katika kihisi, mwito huo ni voliti ya upande wa hasi. Chembe za madini yaliyoyeyuka majini zina chaji ya chanya, kwa hivyo huvutwa, hupanda na kukaa juu ya elektrodi kama madini halisi. Mashine huachwa ikiita kwa dakika chache. Hata kama abiria ni wachache sana mjini mzima, ukingoja vya kutosha viti vitajaa. Ndiyo sababu njia hii huweza kupata madini yaliyo machache mno.

Kisha safari huanza. Mashine hupandisha voliti polepole kuelekea upande wa chanya. Kila madini yana stegi yake ya kushuka, na hayashuki kwingine. Zinki hushuka kwanza, tuseme Hurlingham. Kadimiamu hushuka Yaya. Risasi, karibu na nusu voliti upande wa hasi, hushuka Valley Arcade. Shaba huenda mpaka Kawangware. Kila abiria akishuka hulipa nauli kwa elektroni, na mashine huandika nauli hiyo kama kilima kwenye mchoro. Mahali pa kilima panakwambia ni madini gani. Urefu wa kilima unakwambia ni kiasi gani. Basi!

Msingi wa elimu hii uliwekwa Prague mwaka wa 1922 na Jaroslav Heyrovský, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1959. Yeye alitumia matone ya zebaki, nayo zebaki ni sumu. Tangu mwaka wa 2000 watafiti wengi hupaka elektrodi kwa bismathi badala ya zebaki, na kazi huendelea bila hatari ile.

Mashine nayo zamani ilikuwa ghali kuliko gari kuukuu. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha mchoro wa mashine ambayo mtu anaweza kuijenga kwa chini ya dola 80. Mwaka wa 2014 watu wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha nyingine ya dola 25 hivi ambayo hutuma majibu kwa kugeuza namba kuwa sauti na kuipitisha katika simu ya kawaida. Yaani hata "mulika mwizi" inatosha. Si lazima simu ya kupapasa kioo. Hao hao walikuwa wameonyesha mwaka wa 2010 kwamba kihisi kinaweza kuchapwa juu ya karatasi na kikapima madini mazito majini.

KWA NINI TUJALI RISASI?

Pengine utasema, "Sisi tunaogopa kipindupindu, risasi ni ya matajiri." Waulize wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kando ya nyumba zao kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014. Risasi iliingia katika udongo, vumbi na miili ya watoto. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza vita vya kukifunga, akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha fidia hiyo Desemba 2024.

Risasi haina ladha wala harufu. Mpaka wake katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Nilikaa nikapiga hesabu: gramu moja tu ya risasi inatosha kufikisha mpaka huo katika lita 100,000 za maji, yaani mitungi 5,000 kama ile ya mama yangu. Humdhuru mtoto katika ubongo, akawa mzito wa kujifunza, na mwalimu akamwita mvivu. Na sisi Kibera tuna mafundi wanaofungua betri na vyuma vikuukuu kando ya mitaro ile ile yenye mabomba. Sisemi risasi imo katika maji yetu. Nasema hatujapima.

MAMBO AMBAYO KIHISI HAKIWEZI

Msifu mvua imemnyea, na mimi sitaki kuuza kitu nisichokijua. Kihisi hiki kina mapungufu, na ni lazima tuyaseme.

Kwanza, hakuna kipande kimoja kinachopima kila kitu. Cha risasi hakipimi floridi. Floridi hutaka elektrodi yenye kioo maalumu cha lanthanamu, na naitreti hutaka utando wake au wino uliotiwa shaba.

Pili, maji machafu humchafua mpimaji. Mafuta, sabuni na takataka zilizooza hufunika elektrodi kama matope kwenye miwani, na kilima kikawa kifupi kuliko ukweli. Kwa hivyo ni lazima upime pia maji ambayo unayajua yana kiasi gani, ndipo ulinganishe. Anayesoma namba bila kulinganisha anajidanganya.

Tatu, na hili ndilo kubwa, viini si madini. Sheria ya maji ya kunywa ni kwamba katika mililita 100 kusipatikane hata kiini kimoja cha aina ya E. coli kinachotoka katika kinyesi. Viini vichache hivyo havitoi umeme wa kutosha kuonekana. Kuna vihisi vya kuchapwa ambavyo hupakwa vitu vya kuvinasa viini hivyo, lakini mara nyingi huhitaji kwanza viini viachwe vizaane kwa saa nyingi. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, kipande cha kupima risasi kingekwambia "maji yako sawa" huku mtoto akiharisha.

Basi nilipofika hapo katika kusoma nilivunjika moyo. Swali la mama lilikuwa bado linanisumbua.

KIDONGE CHA WARIDI

Nilimweleza mwalimu wetu wa Kemia, naye akanikutanisha na afisa mmoja wa afya. Yule mzee alikuja Lindi Jumamosi akiwa na kisanduku kidogo tu. Mama alimkaribisha kwa uso mkavu. Nilijua anachofikiria: jibu likiwa baya, tutakula nini?

Afisa akaeleza kwamba yeye hatafuti viini, anatafuta klorini. Maji ya jiji hutiwa klorini, na kidogo huachwa ndani kwa makusudi ili ilinde njiani. Klorini hiyo ikikutana na uchafu hupigana nao, na katika kupigana huisha. Kwa hivyo ukikuta klorini, kuna mlinzi mlangoni. Usipoikuta, uliza mlinzi ameuawa na nani.

Alichota maji kwenye mita yetu kule karibu na barabara, akatia kidonge kidogo cheupe. Maji yakageuka rangi ya waridi. Klorini iko. Kisha akaja kwenye tangi letu. Kidonge kikayeyuka, maji yakabaki meupe. Mama akasema haraka, "Labda ni kwa sababu yamekaa kwenye tangi." Afisa akakubali kwamba klorini hupungua maji yakikaa. Kwa hivyo akachota tena kwenye mwisho wa bomba, kabla maji hayajaingia tangini. Meupe vilevile.

Sote tukaelewa bila kuambiwa. Kati ya waridi na weupe kulikuwa na bomba letu tu.

Tulilifuata bomba hilo, mimi na kaka yangu, tukiwa na mifuko ya plastiki mikononi. Chini ya daraja la mbao, ndani ya mtaro, tulikuta limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Tuliukumbuka mpira huo. Ni sisi wenyewe tulioufunga mwaka uliopita.

Sisemi kwamba maji yetu ndiyo yaliyomwuguza mtoto wa jirani. Huenda ni chakula, huenda ni mikono. Lakini mama hakungoja ushahidi zaidi. Alifunga dirisha siku nne. Siku nne bila shilingi, na mimi nilikuja shule bila chakula cha mchana. Tulinunua kipande kipya cha bomba, tukakipitisha juu kando ya ukuta, tukalisugua tangi na kulitia klorini. Kisha mama alibeba mtungi mmoja mwenyewe hadi kwa jirani. Mtoto alikuwa amepona kwa maji ya chumvi na sukari aliyopewa kliniki. Mama akasema, "Pole, mwanangu. Uliniuliza swali zuri nami nikakujibu kwa gilasi." Jirani alirudi kununua maji siku ya tano.

TUNAWEZA KUFANYA NINI HAPA SHULENI?

Ndugu zangu, klorini nayo inaweza kupimwa kwa kihisi cha kuchapwa, bila kidonge na bila kubishana juu ya rangi. Kwa hivyo vitu hivi viwili ni ndugu. Huku tukingoja vihisi vifike madukani mwetu, natoa mapendekezo machache.

(a) Chama cha Sayansi na chama chetu vishirikiane. Kidato cha Pili tulijifunza kwamba maji yenye chumvi hupitisha umeme. Chonga penseli mbili pande zote mbili, ziunganishe na betri za tochi na balbu ndogo, uzitie katika maji ya chumvi. Balbu ikiwa hafifu, ongeza chumvi au betri. Umetengeneza mama wa vihisi vyote! Kitakwambia kuna kitu majini, hakitakwambia ni kitu gani. Fanyeni karibu na dirisha na mwalimu akiwapo, maana penseli moja hutoa gesi ya klorini.

(b) Kwa viini, chemsha maji hadi yatokote. Wasio na makaa wanaweza kutumia jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu na kulazwa juani saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Shirika la KWAHO limefundisha njia hii huko Kibera.

(c) Jua na moto haviondoi risasi wala floridi. Ukichemsha maji ya floridi sana, maji hupungua na floridi hubaki, kwa hivyo huzidi kuwa kali. Kwa hayo dawa ni kupima na kubadilisha chanzo, au kuyachanganya na maji mengine.

(d) Fuata bomba lenu. Usiogope mtaro. Kila mwuza maji ajue bomba lake linapita wapi.

(e) Tudai haki yetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Lakini anayedai bila namba mkononi huambiwa "maji yanang'aa." Kipande cha plastiki cha bei ndogo kitampa mwananchi wa Kibera na Kawangware namba ya kuweka mezani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeuziba ufa kwa mpira wa baiskeli, tukadhani tumeuziba. Ufa usioonekana huzibwa na anayekubali kwanza kuupima.

Siku hizi mama ana kikopo cha vidonge vya kupimia klorini dirishani, na mteja akiuliza kama maji ni safi, hainui tena gilasi kwenye taa. Humwita aje aone rangi.

Kalamu yangu naiweka chini. Kwaherini, na mtungi ufunikwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili.